Chujio la Adabu

Chuo Kikuu cha Lukosi hakimpangii mwanafunzi maabara. Ukifika mwaka wa pili wa uhandisi tiba unaitafuta mwenyewe, na ukiikosa shauri yako. Kila mwaka, mvua zikishakatika kule Iringa, maprofesa hufungua milango kutwa nzima, na wanafunzi wa shahada ya kwanza hupita chumba hadi chumba wakichungulia, wakiuliza na kubembelezwa. Siku hiyo huitwa Siku ya Milango. Ni siku pekee katika mwaka ambayo profesa humnyenyekea mwanafunzi, na wanafunzi wenye akili huila taratibu.

Zaituni Semkiwa aliila kwa pupa. Alikuwa binti wa Muheza, mfupi, aliyeionea baridi ya Iringa hasira kiasi cha kuvaa sweta mbili, na kwao alijulikana kwa jambo moja: alikuwa mdadisi. Asubuhi ile alianzia kwa watu wanaochapa mifupa kwa mashine, ambao walikuwa wamemfunga mbuzi mlangoni. Mguu wa nyuma wa mbuzi huyo ulikuwa umetoka kwenye mashine, na mwenyewe alikuwa anautumia kumpiga teke kila aliyeinama kuutazama. Akaenda kwa watu wa jasho, ambapo profesa mwenye tai aliwaomba wageni wapande na kushuka ngazi ili kitambaa cha mkononi kiwasomee sukari ya damu kupitia jasho lao. Akaenda kwa watu wa figo. Huko alisimama sana mbele ya chupa, akitazama figo ndogo ya waridi ikikua ndani ya maji, isiyo ya mtu yeyote bado. Kila mlango aliupenda. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi, maana mpenda milango yote hulala nje.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa maabara ya sauti, ya Profesa Eliaichi Mrutu. Haukuwa na mbuzi wala chupa. Palikuwa na mzee mmoja kwenye kiti, amevaa shingoni kola ya kijivu iliyofumwa kwa nyuzi nyembamba, na chini ya kidevu chake kuna spika yenye ukubwa wa kifungo cha koti. Bango dogo lilieleza kwamba Mzee Gervas Mapunda, mwalimu mstaafu wa bendi ya shule, alitolewa koo kwa sababu ya saratani, na kwamba sasa anazungumza tena.

Na kweli alizungumza. Kijana mmoja aliyenyoa kiduku cha rangi ya chungwa alipita, na mzee akamtazama kichwa kile, midomo ikacheza, mabega yakatikisika, macho yakajaa uhuni wote wa dunia. Kola ikasema, kwa sauti nzuri ya kiume: "Karibu sana, kijana wangu. Mungu akubariki katika masomo yako."

Wanafunzi wengine walipiga makofi. Zaituni hakupiga. Alikuwa anautazama uso wa mzee, na uso ule haukuwa wa mtu aliyembariki mwenzake. Ulikuwa uso wa mtu aliyesema jambo, akasubiri watu wacheke, wasicheke. Akabaki pale mlangoni kwa ajili ya uso huo tu, na jioni jina lake likaandikwa kwenye maabara ya sauti.

*

Desturi ya maabara ya Profesa Mrutu ni kwamba mwanafunzi hukabidhiwa mtu kabla ya kukabidhiwa kifaa. Zaituni alikabidhiwa Mzee Mapunda. Mzee alikuwa akija kila Jumanne, na kazi ya binti ilikuwa kupima nyuzi za kola, kuisafisha na kumpigisha soga mzee ili mashine iendelee kumzoea.

Kabla ya kumgusa alifundishwa namna kola inavyofanya kazi. Mtu akitaka kusema, ubongo hutuma amri kwenye ulimi, taya na koo. Hata koo likiwa halipo, amri hutumwa vilevile, kwa kuwa ubongo hauna habari kwamba nyumba imebomolewa. Nyuzi za kola huzidaka amri hizo shingoni na kuzigeuza maneno. Tatizo ni kwamba ubongo hutuma amri hata kwa maneno ambayo mtu ameamua kuyameza. Unapotaka kumwambia mkubwa wako kazini neno, ukajizuia, shingo yako tayari imeshapokea nusu yake.

Kwa mtu wa kawaida hilo halina shida, kwani neno la kusema hupiga kelele kwenye neva na neno la kumeza hunong'ona, na mashine hujua tofauti. Lakini mionzi iliyoiua saratani ya Mzee Mapunda, kama ya wagonjwa wenzake wa maabara ile, iliziunguza na neva. Kwake, la kusema na la kumeza yote yalinong'ona kwa nguvu ileile. Hapo ndipo wahandisi walipoweka chujio. Lilikuwa limefundishwa kwa maelfu ya mazungumzo ya wazee yaliyorekodiwa sokoni, misibani na kwenye vilabu vya ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kazi yake ilikuwa kuutazama mnong'ono uliovurugika, kisha kukisia: mzee wa umri huu, mahali hapa, angekuwa anasema nini? Likishakisia, ndicho kinachotoka.

Jumanne ya tatu au ya nne, Mzee Mapunda alizitazama zile sweta mbili, akacheza midomo, mabega yakatikisika. Kola ikasema: "Nakutakia siku njema, mjukuu wangu."

Zaituni aliweka kalamu chini. Alimwuliza, kwa adabu zote za Muheza, kama hayo ndiyo aliyoyasema.

"Ndiyo, mjukuu wangu," ilisema kola. "Nashukuru sana. Kifaa ni kizuri."

Na wakati kola inasema hivyo, mzee alikuwa anatikisa kichwa kukataa, kwa nguvu, macho yamemtoka.

Binti alisikia ubaridi ambao hata sweta ya tatu isingeuzuia. Alimpa karatasi. Mzee aliitazama kwa uvivu, maana hakuwa mtu wa kuandika, akachora herufi kubwa zilizopinda: HAINITUKANII. Chini yake, baada ya kufikiri, akaongeza kwamba amejaribu kulalamika mara nyingi, na kila akilalamika mashine inawashukuru, na kwa kuwa kitu chenyewe kapewa bure, akaona aibu kukifuatilia kwa barua.

*

Udadisi ukimshika Zaituni, chakula kilikuwa hakipandi. Alikwenda kwenye hifadhi ya sauti zilizolifundisha chujio. Kila mazungumzo yalikuwa na sauti yenyewe na, pembeni, maandishi ya mwanafunzi aliyeisikiliza. Chujio lilifundishwa kwa kuvilinganisha vyote viwili. Watu wote wa maabara waliyasoma maandishi. Hakuna aliyekuwa amerudi kuzisikiliza sauti.

Alivaa hedifoni akasikiliza bibi mmoja sokoni akimwambia muuza maharage, "Mlafi wewe, unapima kwa kidole gumba." Maandishi yalisema: "Ndugu yangu, naomba upime vizuri." Akasikiliza msiba. Mzee mmoja alikuwa anapiga kelele juu ya kaburi, "Huyu fisi kafa kabla hajamaliza kuku wangu, mfufueni ammalize," na watu nyuma yake wanacheka huku wanalia. Maandishi yalisema: "Marehemu alikuwa mtu wa watu. Tutamkumbuka."

Zaituni alicheka mpaka akavua hedifoni. Kisha akaacha kucheka.

Wale wanafunzi ungewauliza wangekuapia kwamba hawakudanganya. Ni nani atakaa mbele ya kompyuta ya chuo, profesa anapita nyuma yake, aandike kwa vidole vyake kwamba mzee mwenye mvi kamwita mwenzake fisi? Utani unasikika, unachekwa, lakini hauandikwi. Kila mmoja, kwa wakati wake, bila kupatana na mwenzake, alimstahi mzee aliyekuwa anamsikiliza, akampunguzia ukali. Na mashine, ambayo haijui kwamba watu hustahiana, ikajifunza kwamba wazee hawatani. Zaituni alijua vizuri kabisa kwamba naye angeandika vilevile.

Alipompelekea Profesa Mrutu habari hizo, alitegemea kubishiwa. Profesa alikuwa mama wa Kipare, mkavu wa maneno, asiyepoteza hata kicheko. Alisikiliza sauti mbili, akasoma maandishi mawili, akavuta kiti akakaa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Wagonjwa wangu wote wananishukuru," alisema. "Kila mwaka. Nilidhani tumefaulu."

Halafu akamweleza kwa nini, pamoja na hayo, chujio haliwezi kuondolewa hivi hivi. Bila chujio kola itasema kila kitu, la kusema na la kumeza. Ungependa, alimwuliza, kila unalolimeza kwa siku moja litangazwe mbele ya jirani zako, mbele ya mama yako? Chujio hili ni bovu, lakini bila lolote mtu anabaki uchi. Kulifundisha upya ni kazi ya mwaka. Kulizima kunahitaji kamati ya maadili, na kamati inakutana mwezi ujao. Lililomkera Zaituni zaidi ni kwamba profesa hakuwa amekosea.

*

Siku ya Ijumaa, ambayo haikuwa siku yake, Mzee Mapunda aliingia maabara akiwa amekumbatia koti kuukuu la kahawia. Hakukaa. Alichukua kalamu mwenyewe.

Lililotoka kwenye karatasi lilikuwa hivi. Alfonsi Kihwele, rafiki yake, amefariki na atazikwa kesho mchana huko Ipogolo. Kihwele ni Mhehe, yeye ni Mngoni. Babu zao walipigana vita karne nyingine, wakachoka, wakamaliza ugomvi kwa kutaniana, na hawa wawili walikuwa wameushika utani huo tangu ujana wao kama watu walioajiriwa nao. Walikuwa wamewekeana ahadi: atakayetangulia, mwenzake atavaa nguo yake, ataingia kaburini kabla ya jeneza, na atamtukana mpaka watu wasahau kulia. Koti ni la marehemu. Mjane ndiye aliyelituma.

Mwishoni mzee aliandika: Nikisimama pale nikasema "marehemu alikuwa mtu wa watu," nimemkana.

Zaituni alimwuliza kama hawezi kuandika utani wake mtu mwingine akausoma. Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kama ngoma inaweza kutumwa kwa posta. Binti akaona haya, akachukua hedifoni.

Alichokifanya kilikuwa jaribio tu, alijiambia. Aliizima spika, akaelekeza sauti ya kola kwenye hedifoni peke yake, akaliondoa chujio, akamwambia mzee afanye kama yuko kaburini.

Mzee Mapunda alilivaa koti. Akatembea mguu upande, akimwigiza mtu ambaye Zaituni hakuwahi kumwona, na midomo ikaanza kazi. Masikioni mwa binti ikaja sauti iliyokwaruza, isiyopanga sentensi, na aliyekuwa anazungumza safari hii alikuwa mtu.

"Mmempimia kaburi refu la nini? Huyu alikuwa mfupi. Urefu wake wote ulikuwa mdomo."

Zaituni alicheka kwa sauti, na mzee, kuona kicheko kile, alisimama kidogo akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu akatwe koo mtu kucheka mahali alipotaka acheke. Akaendelea. Akasema Kihwele alikuwa anasinzia misa yote na kuamka kwenye sadaka ili aonekane, akasema mguu wake mmoja ulikuwa unakwenda Mafinga na mwingine Dodoma. Kisha akafumba midomo apumzike.

Midomo ikiwa imefumbwa vilevile, hedifoni zikasema: "Nilimwua kwa adabu."

Sauti iliendelea, taratibu, na mzee anajifuta jasho bila habari. Ilisema kwamba Kihwele alipolazwa yeye alikwenda kumwona. Kihwele alikuwa haoni tena, anategemea sauti tu. Yeye alimwambia, amka wewe mwizi wa ulanzi, umelala kama bwana shamba. Na kola ikasema, pole sana ndugu yangu, Mungu akutie nguvu. Kihwele akatega sikio. Kisha akasema, kumbe nimekwisha, hata Mapunda ananionea huruma. Akageukia ukutani. "Sikurudi tena. Nilikimbia. Sikurudi."

Zaituni alivua hedifoni. Angeweza kunyamaza, mzee hakujua kwamba limesikika. Lakini alifikiri kwamba mtu aliyeingia chumba cha mwenzake bila hodi, akatoka kimya, ameiba hata kama hakuchukua kitu. Akamwambia yote aliyoyasikia, neno kwa neno, macho yake yakiwa mezani.

Mzee alikaa. Koti lilikuwa limemzidi mabega. Zaituni akampa njia nyingine: kesho yeye Zaituni angesimama karibu, hedifoni masikioni, na kila sentensi ipite kwake kwanza. Za utani angezifungulia, nyingine angezizuia. Alieleza vizuri, maana kiufundi ilikuwa rahisi.

Mzee alionyesha spika kwa kidole, kwamba aifungue. Aliifungua.

"Nimetoka kwenye chujio la mashine," ilisema sauti ile ya kukwaruza, "unataka niingie kwenye chujio lako? Utajuaje lipi langu?" Na papo hapo, midomo ikiwa imetulia, ikafuata nyingine: "Binti mzuri huyu. Naogopa."

Wote wawili walisikia. Hakuna aliyejifanya hakusikia.

Profesa Mrutu aliitwa, akaja, akasikiliza. Shida aliiona mara moja, na Zaituni aliona kwamba hata katikati ya shida ile udadisi ulimwasha profesa machoni. Mgonjwa ana haki ya kuamua kifaa chake kiweje, alisema, ila ridhaa yake tutaichukua wapi? Sauti yenye chujio si yake. Isiyo na chujio imechanganyika na hofu zake. Akamsogezea karatasi, akamwomba aandike kwa mkono, kwa kuwa mkono ndio uliobaki na mlango unaofungika.

Mzee aliandika: KOO NI LANGU.

Profesa aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Alimwambia Zaituni kwamba chujio libaki limezimwa, kwamba kamati itamwita yeye, si mwanafunzi, na kwamba anaweza kuupoteza mlango huu kabla ya Siku ya Milango ijayo. Kisha akampa kidhibiti kidogo cha kuizima kola kwa mbali.

"Utakwenda naye," alisema. "La kumeza likianza kutoka, unazima. Hilo si ombi, Semkiwa."

*

Ipogolo kulikuwa na watu wengi na jua la baridi. Zaituni alisimama upande wa wanawake, kidhibiti kikiwa mkononi ndani ya khanga ya kuazima, kidole gumba juu ya kitufe. Wanaume waliokuwa wanachimba walipomaliza na kuegemea majembe, Mzee Mapunda alijipenyeza akiwa na koti la marehemu, mguu upande. Watu waliutambua mwendo ule kabla ya kumtambua yeye, na mguno ukapita. Akashushwa kaburini. Akajilaza chali.

"Hapa pamekaliwa," ilisema kola kutoka chini. "Mpelekeni kwao."

Kicheko cha kwanza kilikuwa cha woga. Cha pili kilikuwa kicheko kweli. Mzee alisimama humo ndani, kichwa na mabega yakionekana, akamshukia Kihwele kuanzia miguu hadi ulanzi. Alisema huyu alikuwa anakunywa ulanzi wa wenzake na kuusifia wa kwake. Alisema babu zake Kihwele walikimbia vita hadi wakaacha vivuli vyao njiani. Mhehe mmoja akadakia kwamba walikuwa wanakimbilia chakula baada ya kushinda, na wanawake wakapiga vigelegele katikati ya machozi. Mara moja ilipenya ya kumezwa, "padri kanenepa huyu," na kidole cha Zaituni kikaruka, lakini padri mwenyewe alicheka akishika tumbo, na utani ukaimeza. Mama Otilia, mjane, alikuwa amefunika uso kwa upande wa kitenge, na kitenge kilikuwa kinatikisika.

Kisha Mzee Mapunda aliinama. Ukosi wa koti ulimfunika uso, kidevu kikazama kifuani, na Zaituni hakuiona midomo tena.

"Nilimwua kwa adabu," ilisema kola.

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Hilo ndilo lenyewe, la kumeza, alilokuwa amelisikia jana na midomo imefumbwa. Amri aliyopewa haikuwa na utata. Lakini jana ilikuwa jana. Leo midomo haionekani, na mtu anaweza kulimeza neno usiku kucha na asubuhi akaamua kulitapika. Akizima, na kumbe mzee analisema, atakuwa amemfanyia yaleyale yaliyomfanyia chujio, ila safari hii kwa kujua. Asipozima, na kumbe analimeza, atakuwa amemvua nguo mbele ya kaburi la rafiki yake. Aliutazama mgongo ule ulioinama, aone kama unasema au unaficha. Mgongo haukumwambia kitu.

"Nilikuja kumtukana," iliendelea kola, "ikatoka pole. Akasema amekwisha. Nikakimbia. Sikurudi."

Zaituni hakuzima. Hakuwa na hakika, na hakujidanganya kwamba anayo. Aliona tu kwamba kati ya makosa mawili, lililo la kumnyamazisha mtu halikuwa lake kulifanya.

Mama Otilia alishusha kitenge. Akasogea ukingoni, akasaidiwa na binti zake, akatazama chini.

"Ndiyo," alisema. "Siku ile alisema amekwisha. Nilikuwepo, nilimsikia. Na hakuamka tena kwa hamu."

Hakuna aliyemsaidia Mzee Mapunda kuinua kichwa. Akakiinua mwenyewe.

"Na wewe ukakimbia, Mngoni," alisema mama. "Tena ninyi ndio mnaosema babu zetu walikimbia." Sauti ilimpasuka katikati, akaikusanya. "Toka humo, si kwako. Faini yako utakuja nyumbani kila Jumapili nikutukane mpaka nichoke. Na mimi sichoki upesi."

Mtu mmoja akaanza kucheka, mwingine akaanza kulia kwa sauti, na baada ya hapo kicheko na kilio havikutofautika. Mikono ikashuka ikamvuta mzee kutoka kaburini, na jeneza likapita mahali alipokuwa.

Zaituni alimkuta baadaye amekaa kwenye kichuguu cha udongo, amewapa waombolezaji mgongo, anafungua vifungo vya koti. Kamati ingekutana, profesa angeulizwa, naye angeulizwa na profesa, na alijua kwamba atasema ukweli: aliambiwa azime, hakuzima. Alisimama nyuma ya mzee, asijue aanze vipi. Alitamani amwulize lile aliloshindwa kulisoma mgongoni mwake, kama amelisema au limemtoka.

Kabla hajafungua kinywa, kola ilisema, "Ungezima, mjukuu wangu." Ikapita pumzi moja, ikasema tena, "Ahsante hukuzima."

Moja kaisema, moja kaimeza, na uso wake ulikuwa upande wa pili. Zaituni hakumwuliza ipi ni ipi. Alizichukua zote mbili, akamsaidia kukung'uta udongo kwenye koti.